Kukatizwa Kazini: Ni Nani Alipaye?



Wazee wetu wametuachia mithali mbili ambazo, mtu akizitazama upesi, zaonekana kugombana. Ya kwanza yasema: Mshika mbili, moja humponyoka. Ya pili yasema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ile ya kwanza yatuonya tushike kazi moja, tusiiache kabla haijaisha. Ile ya pili yatufundisha kwamba ajaye mlangoni bila kuitwa aweza kuwa heri kwetu, hata akitukuta katikati ya kazi. Basi mtu afanyeje, akiwa ameshika kalamu, na mgeni yuko nje abisha? Mwezi huu twataka kulifikiri jambo hili pamoja nanyi, maana si jambo la adabu tu, bali ni la haki pia. Latuuliza tuna deni gani kwa kazi iliyo mkononi, na tuna deni gani kwa mtu aliye mbele ya macho yetu.

Hatuandiki kama watu wasio na kosa. Mwaka mmoja, juma la mwisho kabla ya kipaimara, mama mmoja wa mtaa wa mbali alikuja ofisini kwetu. Tulikuwa tukiandika orodha ya majina ya watoto, na simu ya mkononi ilikuwa juu ya meza, ikilia mara kwa mara kwa habari za wazee wa kanisa juu ya viti na maturubai. Tulimkaribisha mama yule, akaketi, akaanza kutueleza habari za mtoto wake aliyelazwa hospitali. Nasi tukamwitikia, “Ndiyo, mama,” na “Pole sana, mama,” huku mkono ukiandika na jicho likisoma. Mwisho akaomba mtoto wake atajwe katika sala ya Jumapili, nasi tukaahidi.

Jumapili ilipofika tulimtaja mtoto kwa jina mbele ya usharika wote. Lakini jina tulilolitaja halikuwa la mgonjwa, bali la kaka yake, kijana mzima, ambaye alikuwa ameketi katika benchi la tatu akitutazama kwa mshangao. Jina lake lilikuwa katika orodha ile tuliyokuwa tukiiandika. Vijana wenzake wakacheka kwa siri. Mama yao akainamisha kichwa, akatazama sakafu.

Baada ya ibada tulimwendea kumwomba radhi. Akajibu kwa upole, “Si kitu, Baba Mchungaji. Niliona siku ile ulikuwa na kazi nyingi.” Hakusema hivyo ili kutulaumu, na kwa sababu hiyo maneno yake yalituchoma zaidi. Tangu siku ile tumetafuta kujua watu wa elimu wamegundua nini juu ya moyo wa binadamu unaogawanywa, na hayo tuliyoyapata ndiyo tutakayo kuwaeleza.

Uchunguzi wa jambo hili si wa jana. Mwaka 1927 Arthur Jersild, mtu wa elimu ya nafsi katika mji wa New York, alitangaza majaribio aliyoyafanya juu ya watu waliopewa orodha za hesabu. Mara nyingine mtu alifanya hesabu za namna moja tangu mwanzo wa orodha hata mwisho. Mara nyingine alitakiwa kubadili kila mara, hesabu moja namna hii na ya pili namna ile. Hesabu zilikuwa nyepesi, na idadi yake ni ile ile. Lakini mtu alipobadilisha-badilisha alichukua muda mrefu zaidi. Basi muda ule uliozidi ulikwenda wapi? Mwaka 2001 wachunguzi watatu wa Marekani, Joshua Rubinstein, David Meyer na Jeffrey Evans, walieleza kwamba akili inapohama ina mambo mawili ya kufanya. Kwanza sharti iazimu kuiacha kazi ya kwanza na kuishika ya pili. Kisha sharti iziweke kando kanuni za ile ya kwanza na kuziamsha kanuni za ile ya pili. Twadhani twafanya mambo mawili kwa wakati mmoja, kumbe twakimbia huku na huku kati ya mawili, na kila safari ina nauli yake.

Tena kuna jambo lingine. Mwaka 2009 Sophie Leroy alionyesha kwamba mtu aachapo kazi ambayo haijaisha, mawazo yake hayahami yote. Sehemu hubaki nyuma pamoja na ile kazi, naye huifanya kazi mpya kwa akili iliyopunguka. Wapishi watalielewa jambo hili upesi. Sufuria iliyopikiwa samaki, ukichemshia chai kabla hujaisugua, chai itanuka samaki, ijapokuwa majani na sukari ni vizuri. Ndivyo jina la kijana yule lilivyoingia katika sala yetu. Hatukusahau kuomba, tuliomba kwa moyo uliokuwa ungali na harufu ya orodha.

Hapa yamkini msomaji atatupinga, na ana haki. Atasema: “Mbona mama zetu hutwanga huku wakiimba, na mtoto yuko mgongoni? Mbona msusi wa mikeka husimulia hadithi, na mkeka hauharibiki?” Ni kweli kabisa. Kazi ambayo mkono umeizoea miaka mingi haihitaji mawazo mengi, nayo yaweza kwenda pamoja na wimbo au mazungumzo. Lakini mwambie mama yule ahesabu fedha za kikundi huku akitwanga, utaona mchi umesimama hewani. Kazi mbili ambazo kila moja yataka fikira hazikai pamoja katika kichwa kimoja. Na kumsikiliza mtu mwenye huzuni ni kazi ya fikira; kosa letu lilikuwa kuidhania kuwa ni kazi ya masikio tu.

Sasa tutazame habari za maofisini. Gloria Mark, wa Chuo Kikuu cha California mjini Irvine, pamoja na mwenzake Victor González, waliwafuata watumishi wa ofisi kazini mwao, wakiandika kwa saa kila jambo walilolifanya. Katika habari walizozitoa mwaka 2004 walionyesha kwamba mtumishi, kwa wastani, alikaa na jambo moja kwa muda wa dakika 3 hivi, kisha akahamia jingine. Tena katika kazi zake Mark ameona kwamba si wageni wala wakubwa tu wanaowakatiza watu. Karibu nusu ya mara hizo mtu hujikatiza mwenyewe: hakuna aliyemwita, wala kengele haikulia, ila moyo wake umeinuka wenyewe ukaenda kutafuta kingine. Habari hii yafaa kututia haya kidogo, maana sisi sote hupenda kusema, “Watu hawaniachi nifanye kazi.”

Lakini jambo lililotushangaza kupita yote ni hili. Mwaka 2008 Mark na wenzake wa Berlin walitangaza jaribio ambamo watu walipewa barua za kujibu kwa kompyuta. Wengine waliachwa wafanye kazi kwa utulivu, na wengine walikatizwa kwa simu na kwa maswali. Tungetazamia kwamba waliokatizwa wangechelewa. Sivyo ilivyokuwa! Waliimaliza kazi yao upesi zaidi, wala haikuonekana kuwa mbaya kuliko ya wenzao. Walijua kwamba muda unapotea, basi wakakaza mwendo ili kuufidia. Lakini walipoulizwa habari za nafsi zao, walisema kwamba wameona mkazo zaidi, na kukereka zaidi, na kusukumwa na saa, na kutumia nguvu nyingi kuliko wenzao. Tena hayo yalitokea baada ya dakika kama 20 tu.

Ndugu, tulifikiri sana juu ya habari hii. Msimamizi aliyesimama nje na kuhesabu barua angesema, “Kukatizwa hakudhuru, bali kwaongeza bidii.” Angesema hivyo kwa sababu hesabu yake ni ya barua tu. Gharama ilikuwapo, lakini haikuandikwa katika daftari lake, kwa kuwa ililipwa na mtumishi moyoni mwake, akaenda nayo nyumbani jioni, na labda mke na watoto wakapata sehemu yao. Hapo ndipo tulipoona kwamba swali la kwanza si hili, “Je, kukatizwa kuna hasara?” Hasara ipo sikuzote. Swali la haki ni hili: Ni nani alipaye?

Maana si kila mara mlipaji ni mtenda kazi mwenyewe. Katika hospitali mbili za mji wa Sydney, nchi ya Australia, Johanna Westbrook na wenzake waliwaangalia wauguzi 98 walipokuwa wakiwapa wagonjwa 720 dawa zao, mara 4,271 kwa jumla. Habari hizo zilitolewa mwaka 2010. Zaidi ya nusu ya mara zile, muuguzi alikatizwa angalau mara moja akiwa na dawa mkononi. Na kwa kila mara moja aliyokatizwa, makosa ya kutofuata taratibu, kama vile kutohakikisha kwamba mgonjwa ndiye hasa, yalizidi kwa asilimia 12 hivi. Na makosa ya dawa yenyewe, kama vile kutoa kipimo kisicho sawa, yalizidi karibu kwa kadiri hiyo hiyo. Wala uzoefu wa miaka mingi haukuwakinga wauguzi na makosa ya dawa. Hao hawakuwa watu wavivu wala wabaya. Yamkini wengi wao walikatizwa kwa sababu walikuwa wema, wakaitika walipoitwa. Lakini mlipaji alikuwa yule aliyelala kitandani, asiyejua kwamba katikati ya chupa na kijiko mtu alipita akauliza neno dogo.

Wala mtu asiseme, “Neno langu ni fupi, halitadhuru.” Mwaka 2014 Erik Altmann na wenzake wa Marekani walitoa habari za watu 300 waliopewa kazi ya kompyuta yenye hatua zinazofuatana kwa utaratibu. Walipokatizwa kwa muda wa nukta 2.8 tu, makosa ya kukosea hatua yalikuwa mara mbili. Na kwa nukta 4.4 yakawa mara tatu. Nukta 4 ni muda wa kumwambia mtu, “Samahani, saa ngapi sasa?”

Basi je, tufunge milango yetu, tukae peke yetu na kazi zetu? Hapa ndipo mithali ya pili inapotushika mkono. Sisi tulio wachungaji na waalimu twakumbuka habari ya Yairo. Alikuja kumwomba Bwana aende upesi nyumbani kwake, kwa kuwa binti yake alikuwa karibu kufa. Njiani, katika msongamano, mwanamke aliyeugua miaka 12 akaligusa vazi lake. Bwana akasimama. Alikuwa na kazi ya haraka kuliko kazi zetu zote, naye akasimama kwa ajili ya mtu ambaye hakuwa katika safari ile. Ndugu zangu, kama yeye hakumwona mwanamke yule kuwa kizuizi, sisi ni nani hata tuwaite watu vizuizi?

Lakini tuangalie alivyosimama. Hakuendelea kutembea huku akimsikiliza kwa sikio moja. Alisimama, akauliza, akangoja mpaka mwanamke ameyasema yote, ndipo akamwacha aende kwa amani. Kisha akamrudia Yairo kwa moyo wote. Tena tusiifiche sehemu iliyo ngumu. Wakati ule ule wa kusimama, wajumbe walikuja na habari kwamba binti amekufa. Mlipaji alikuwa Yairo, aliyekuwa amesimama pale akingoja. Bwana alikuwa na uwezo wa kumrudishia. Sisi hatuna uwezo huo. Tukimchelewesha mtu mmoja kwa ajili ya mwingine, twakopa mali isiyo yetu, na mara nyingine hatuwezi kuilipa. Kwa hiyo yatupasa kuwa waangalifu kwa pande zote mbili: tusimnyime mgeni, wala tusimlipishe mwingine ukarimu wetu bila yeye kujua.

Katika kulifikiri jambo hili tumeona kwamba desturi yetu wenyewe ina hekima ambayo tumeanza kuiacha. Mgeni afikapo haingii moja kwa moja. Husimama nje na kusema “Hodi!” Asipojibiwa, husema tena, hata mara tatu. Aliye ndani hupata nafasi: huweka kisu chini, huepua chungu, hufunga kitabu mahali alipofikia, ndipo husema, “Karibu!” Kati ya hodi na karibu pana muda mfupi, na muda ule ndio unaopatanisha mithali zetu mbili. Kazi haiponyoki, kwa kuwa imewekwa chini kwa utaratibu. Wala mgeni hapati moyo nusu, kwa kuwa mwenyeji amekwisha kuhama. Mwaka 2018 Sophie Leroy na Theresa Glomb walionyesha kwamba mtu akikatizwa, na kabla ya kuigeukia kazi mpya akaandika kwa kifupi amefika wapi na atakaporudi ataanza na nini, mawazo yake huachiliwa, naye huifanya kazi mpya vizuri zaidi. Tulipoisoma habari hii tulicheka kwa furaha, maana bibi zetu walikuwa wakilifanya jambo la namna hiyo mlangoni. Bali simu iliyo juu ya meza haipigi hodi. Huingia tu, hata chumba cha ndani, nasi twaipa kiti cha mbele.

Basi twaleta mashauri matatu, wala si sheria. La kwanza: katika kazi ambayo mwingine ndiye atakayelipa, tufunge mlango bila kuona haya. Serikali ya Marekani mwaka 1981 iliwakataza marubani, ndege inapokuwa chini ya futi 10,000 katika kupaa na kutua, wasifanye mazungumzo wala kazi yoyote isiyohusu usalama wa safari. Hakuna abiria anayewaita wenye kiburi. Vivyo hivyo muuguzi mwenye dawa mkononi, dereva barabarani, mhazini ahesabuye sadaka, na mwalimu amsikilizaye mtu mwenye huzuni, wana ruhusa ya kusema, “Ngoja kidogo.” Nasi wengine tuna wajibu wa kungoja, na kuwauliza nafsi zetu kabla ya kusema neno letu fupi.

La pili: tuanze na yule anayetukatiza karibu nusu ya mara zote, yaani sisi wenyewe. Huyo hana haki ya ugeni. Simu iwekwe katika chumba kingine, na moyo ukiinuka kwenda kutangatanga, uitwe urudi.

La tatu: mtu ajapo, na kazi yetu ni ya namna ambayo sisi ndio tutakaolipa, tulipe. Tuandike mstari mmoja wa mahali tulipofikia, tuweke kalamu chini, tumgeukie kwa uso na kwa moyo. Na kama hatuwezi wakati ule, tumwambie kweli: “Mama, nipe muda nimalize ukurasa huu, kisha nitakuwa wako.” Kumngojesha mtu kwa kweli si dharau. Dharau ni kuitikia “ndiyo, ndiyo,” na mtu hayuko.

Mtoto yule aliyelazwa alipona, na Mungu ashukuriwe, kwa kuwa haikuwa kwa uangalifu wetu. Mwaka uliofuata, tena katika juma la kipaimara, mama yake alikuja kwa neno lingine, la shamba la marehemu mumewe na wakwe zake. Aliposema hodi, tuliandika pembeni mwa karatasi jina tulilofikia, simu tukaipeleka chumba cha ndani, kisha tukamkaribisha. Alikaa mpaka jua likaanza kushuka. Jioni ile wazee wa kanisa walikuja kutafuta orodha, nayo ilikuwa haijaisha. Wakanung’unika kidogo, na walikuwa na haki. Tukawaomba radhi, tukala chakula, tukairudia orodha pale pale tulipoiacha. Tuliimaliza usiku sana, na asubuhi macho yalikuwa mazito. Lakini safari hii hakuna jina lililokosewa.